Kibali cha kubeba bastola North Carolina, kuanzia darasani hadi dirisha la sherifu

Huku North Carolina, kibali cha kubeba bastola iliyofichwa hakitolewi na polisi wa mji wala na ofisi ya serikali ya jimbo. Anayekitoa ni sherifu wa kaunti unakoishi. Ukikaa Raleigh utakwenda kwa sherifu wa Wake, Charlotte ni Mecklenburg, Greensboro ni Guilford. Kaunti ziko 100 na kila moja ina sherifu wake aliyepigiwa kura, kwa hiyo sheria ni moja lakini madirisha ni mia. Kuna kaunti inayopokea maombi mtandaoni na kukupangia siku ya kuja, na kuna nyingine unaingia na makaratasi yako na kusubiri uitwe. Anza kwa kufungua tovuti ya sherifu wako mwenyewe, si ya kaunti ya binamu yako.

Maelekezo ya Kiingereza yamejaa tele, na mengi ni mazuri. Kasoro yake ni kwamba yameandikwa kwa ajili ya aliyezaliwa hapa. Hayagusi grini kadi (kadi ya ukaazi wa kudumu), hayagusi jina ambalo karani wa kambi ya wakimbizi aliliandika kadiri alivyolisikia, wala hayamjibu aliyewahi kukaa na mshauri nasaha kwa sababu ya yale aliyoyaona vitani. Halafu yanaliruka jambo zito kuliko yote. Mzaliwa wa hapa akikamatwa na bastola aliyoificha bila kibali, mara ya kwanza ni kosa dogo la daraja la pili. Kwa asiye raia, hukumu hiyohiyo inaweza kumwondoa nchini, kwa sababu sheria ya uhamiaji ya Marekani inaitaja hukumu ya kumiliki au kubeba silaha ya moto kinyume cha sheria kuwa sababu ya kufukuzwa, na grini kadi haikukingi. Kwa hiyo rai yangu ni moja: usibebe hata siku moja kabla kibali hakijafika mkononi.

Je, unakihitaji?

Ndani ya nyumba yako hukihitaji. Kubeba bastola waziwazi kiunoni, ikionekana, kwa jumla kunaruhusiwa katika jimbo hili bila kibali, ingawa sioni ni kwa nini mtu mweusi mwenye lafudhi ya kigeni aende hivyo sokoni. Kibali kinahitajika pale bastola inapofichwa: chini ya shati, ndani ya mkoba, ndani ya koti. Na gari nalo limo. Bastola iliyo chini ya kiti au ndani ya kisanduku cha dashibodi, mahali mkono unapofika kirahisi, inahesabika kuwa imefichwa. Wengi wetu tunaofanya kazi za usiku au kuendesha teksi za kuitwa kwa simu tunanaswa hapo bila kujua.

Utasikia watu wakisema siku hizi kibali hakihitajiki tena. Wanachanganya mambo mawili. Machi 2023 jimbo lilifuta kibali cha kununulia bastola, kile cha zamani ambacho nacho kilitoka kwa sherifu. Kibali cha kubeba ni kingine. Mwaka 2025 bunge la jimbo lilipitisha mswada wa kuruhusu kubeba bila kibali, na mwezi Juni Gavana Josh Stein akaupiga veto, yaani akaukataa. Hata mswada huo ulikuwa umeandikwa kwa ajili ya raia wa Marekani tu, kwa hiyo mwenye grini kadi asijihesabu humo.

Nani anapewa

Uwe umetimiza miaka 21. Uwe umekaa North Carolina siku 30 au zaidi kabla ya kuomba. Na uwe raia wa Marekani au mkaazi wa kudumu, yaani mwenye grini kadi.

Sharti hilo la tatu ndilo linalotuhusu zaidi. Aliyeletwa kama mkimbizi na bado hajapata grini kadi hawezi kupewa kibali hiki, hata kama karatasi zake zote ni halali na anafanya kazi na kulipa kodi. Mkimbizi anaruhusiwa kuomba grini kadi baada ya kukaa Marekani mwaka mmoja. Amalize hilo kwanza. Mwenye viza ya mwanafunzi, ya utalii au ya kazi ya muda yuko mbali zaidi: sheria ya shirikisho inamkataza hata kumiliki bunduki au risasi, isipokuwa kwa misamaha michache kama leseni ya uwindaji. Asiye na karatasi kabisa asiguse bunduki ya mtu, hata kwa kupigia picha.

Sasa yanayofunga mlango. Hukumu ya kosa kubwa la jinai. Kesi ya kosa kubwa ambayo bado inaendelea. Hukumu ya kupiga mke, mume au mwenza, hata ikiitwa kosa dogo. Aliyehukumiwa hivyo, sheria ya shirikisho inamzuia kwa maisha yote tangu 1996. Amri ya mahakama ya kukutenga na mwenza. Makosa madogo kadhaa ya ugomvi na vurugu yaliyohukumiwa ndani ya miaka mitatu iliyopita. Na hili linawakuta vijana wetu wengi: hukumu ya kuendesha gari ukiwa umelewa ndani ya miaka mitatu kabla ya tarehe ya maombi. Kama miaka mitatu inakaribia kuisha, subiri ipite ndipo ulipe ada, maana ada hairudishwi.

Halafu kuna dawa za kulevya. Anayevuta bangi hapewi, na haisaidii kusema aliipata kihalali Virginia au kwenye ardhi ya Wacherokee, kabila la wenyeji wa asili, kule milimani, kwa sababu kwa serikali ya shirikisho bangi bado ni haramu kwa mwenye bunduki. Kuna na moja ambayo sherifu pengine hataitaja lakini sisi tunaijua: miraa. Kathinoni iliyomo kwenye miraa mbichi imo katika daraja la kwanza la dawa zilizopigwa marufuku Marekani. Mzee anayetafuna Jumamosi akiangalia mpira, kwa macho ya sheria ni mtumiaji wa dawa haramu. Achague kimoja.

Kuhusu afya ya akili, sheria ya jimbo imesema wazi na wengi hawajui: kupata ushauri nasaha au matibabu ya kuja na kurudi, peke yake, hakukunyimi kibali. Kinachozuia ni uamuzi wa mahakama au wa mamlaka kwamba huna uwezo wa akili au una ugonjwa wa akili. Kwa hiyo aliyekuwa anakwenda kwa mshauri baada ya kutoka Kongo asijifiche, na wala asiache matibabu kwa kuogopa kukosa kibali.

Darasa kwanza

Huwezi kuomba bila cheti cha mafunzo. Kozi ni ya saa 8 angalau, hufanyika kwa siku moja mara nyingi Jumamosi, na lazima iwe na mwalimu aliyeidhinishwa na tume ya jimbo inayosimamia viwango vya mafunzo ya polisi. Muulize mwalimu kabla ya kumlipa kama kozi yake inakubalika kwa kibali cha kubeba, kwa sababu zipo kozi za mtandaoni za bei rahisi zinazokupa cheti cha majimbo mengine na huku hakitambuliwi. Ada ya darasa haimo kwenye ada ya sherifu.

Asubuhi ni sheria: lini unaruhusiwa kutumia nguvu ya kuua, lini hauruhusiwi, wapi usiingie na bastola. Kama Kiingereza chako ni cha kazini tu, mwambie mwalimu mapema. Mwombe akupe vitini vya sheria siku kadhaa kabla, ukae navyo na mtoto wako wa sekondari mvipitie. Sehemu hii usiipitie kwa kukariri majibu. Mtu akikuibia televisheni na kukimbia nayo, huna ruhusa ya kumpiga risasi ya mgongo; kule nyumbani umati ungemchoma moto na watu wangekwenda zao, huku ni wewe utakayekwenda jela.

Mchana ni shabaha. Ni masafa mafupi, yadi 3, 5 na 7, na asilimia 70 ya risasi lazima ziingie kwenye shabaha. Asiyewahi kushika bastola hufaulu akimsikiliza mwalimu. Wanaopata shida kwa kawaida ni wanaume waliowahi kushika AK kijijini na kudhani bastola ndogo ni mchezo. Kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka uwe tayari, mdomo wa bastola uelekee mbele wakati wote, na ukiambiwa acha, acha. Baadhi ya walimu wanakodisha bastola na kuuza risasi hapohapo, kwa hiyo si lazima uwe umenunua yako.

Ukifaulu utapewa cheti. Kitunze. Dirishani wanataka cheti halisi, si picha iliyo kwenye simu.

Makaratasi

Utahitaji leseni ya udereva au kitambulisho cha North Carolina chenye anwani unayoishi sasa. Kama ulihama na leseni bado ina anwani ya zamani, rekebisha kwanza. Grini kadi yenyewe kwa asiye raia. Aliyezaliwa nje na sasa ni raia aje na cheti cha uraia au pasipoti ya Marekani. Cheti cha mafunzo. Aliyewahi kuwa jeshini hapa aje na karatasi za kuachishwa kazi. Ada ni dola 80 za maombi, na mpaka dola 10 za alama za vidole. Namna ya kulipa, kama ni taslimu au kadi, kila ofisi ina yake.

Fomu unaijaza chini ya kiapo. Itakuuliza kuhusu kesi na hukumu za jinai, na unajibu kila swali kwa ukweli, ukiambatisha karatasi ya mahakama inayoonyesha kila kesi ilivyoisha. Kesi ya zamani iliyotajwa mara nyingi haina madhara. Iliyofichwa inageuka uongo chini ya kiapo, na huo unaweza kukurudia siku ya usaili wa uraia. Kuna na karatasi ya pili unayotia sahihi kuruhusu hospitali na mahakama kumpa sherifu taarifa za afya ya akili. Bila hiyo maombi hayaendi.

Majina yanataka subira. Andika jina kama lilivyo kwenye grini kadi, herufi kwa herufi, hata kama kadi imekosea na jina la babu limewekwa mahali pa jina lako la kwanza. Kisha, kwenye nafasi ya majina mengine uliyowahi kutumia, andika yote: lile la cheti cha shule Kigoma, lile la kabla ya ndoa, lile la leseni yenye herufi moja pungufu. Na kwa ndugu zetu ambao kambi iliwapa Januari 1 kuwa siku ya kuzaliwa, jueni kwamba wenye tarehe hiyo ni wengi na majina yanafanana. Ukiwa Mohamed Ali au Jean Pierre wa Januari 1, upekuzi unaweza kukufananisha na mtu usiyemjua. Namba ya mgeni iliyo kwenye grini kadi ndiyo inayokutofautisha naye, kwa hiyo iandike sawasawa.

Siku ya dirisha

Usije na bastola. Ofisi ya sherifu ni mahali ambapo hairuhusiwi, na wewe bado huna kibali.

Karani atapitia karatasi, utaapa, utalipa, kisha utaitwa kwenye mashine ya vidole. Ofisa anakishika kidole chako yeye mwenyewe na kukiviringisha juu ya kioo, ukucha upande mmoja hadi ukucha upande wa pili. Wewe legeza mkono. Ukimsaidia, alama inatoka na ukungu na anarudia. Hapa wenzetu wa viwanda vya kuku, wa kuosha vyombo na wa usafi wa hospitali hukwama, kwa sababu sabuni kali na maji ya moto vimekwangua mistari ya vidole, na kioo hakisomi kitu. Anza wiki moja kabla kupaka mafuta ya mgando usiku na kuvaa glavu kazini. Asubuhi ya siku yenyewe usipake, vidole vikavu kidogo vinasomeka vizuri zaidi kuliko vinavyoteleza. Ikishindikana kabisa usiende nyumbani kimyakimya, uliza wakupangie siku nyingine ya kupiga tena.

Kusubiri

Sheria inampa sherifu siku 10 za kuomba rekodi zako za afya ya akili, na baada ya kuzipokea ana siku 45 za kukupa au kukunyima. Ona mahesabu yalivyo: siku 45 hazianzi siku uliyolipa, zinaanza rekodi zinapofika. Hospitali ikichelewa kujibu, nawe unangoja. Ukipiga simu, uliza swali moja tu: rekodi zimefika tarehe gani?

Mwenye hatari ya kweli, kwa mfano mwanamke aliyepewa na mahakama amri ya kumlinda dhidi ya mume wa zamani, anaweza kumwomba sherifu kibali cha dharura cha muda, akionyesha ushahidi wa hatari hiyo. Asisubiri foleni kama wengine.

Ukinyimwa, lazima uandikiwe sababu. Sherifu hana ruhusa ya kukunyima kwa kuwa hakupendi; akikunyima aonyeshe ni sharti gani hukulitimiza. Unaweza kukata rufaa kwa hakimu wa mahakama ya wilaya ya hapohapo ulipoombea. Kabla ya hapo soma barua vizuri, maana sababu nyingine ni kesi ambayo haikuandikwa kuwa imekwisha, na karatasi moja kutoka kwa karani wa mahakama inaimaliza.

Wakati unasubiri, utakuja kuombwa jambo: ndugu ambaye hana grini kadi, au ana kesi, atakuambia ninunulie yangu kwa jina lako nitakurudishia hela. Kataa mchana kweupe. Fomu ya shirikisho unayojaza dukani inauliza kama wewe ndiye mnunuzi halisi, na tangu sheria ya 2022 kununua kwa niaba ya aliyekatazwa ni kosa linaloweza kufikia miaka 15 jela. Undugu hautakutoa.

Kibali kikishafika

Kina miaka 5. Kibebe pamoja na kitambulisho kila ubebapo bastola. Kimoja bila kingine hakitoshi. Ukiwa umebeba usinywe. North Carolina haisemi mpaka ulewe: ukiwa na pombe yoyote mwilini, umevunja sheria. Mgahawa unaouza pombe unaruhusiwa kuingia nayo tangu Oktoba 2013, mradi hakuna tangazo mlangoni la kukataza, lakini kwenye glasi yako kuwe na soda.

Mahakamani usiingie nayo, wala ofisi za jimbo na za shirikisho, posta ikiwemo, wala kwenye maandamano. Ofisi ya uhamiaji unayokwenda kupigwa picha ya uraia ni jengo la shirikisho, usisahau. Shuleni unapomchukua mtoto, mwenye kibali anaweza kuiacha ndani ya kasha au kisanduku kilichofunikwa, katika gari lililofungwa kwa ufunguo. Na popote penye bango la kukataza, iwe duka, kanisa au msikiti, bango ndilo sheria.

Polisi akikusimamisha, North Carolina inakutaka umwambie mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba una kibali na umebeba. Namna ya kusema ina uzito. Zima injini, washa taa ya ndani kama ni usiku, mikono yote juu ya usukani. Usianze kupekua kisanduku kutafuta karatasi. Mwambie kwanza una kibali, kisha bastola iko upande gani, kisha umuulize afanyeje nawe. Sentensi hizo zifanyie mazoezi kwa Kiingereza mpaka zitoke bila kugugumia, kwa sababu usiku barabarani Kiingereza cha mtu mwenye hofu hukimbia.

Nyumbani kwenye watoto, kasha la kufuli si hiari. Mtu anayeishi na mtoto wa chini ya miaka 18 na kuiacha bunduki ikiwa tayari kufyatuka mahali ambapo mtoto anaweza kuifikia, anashtakiwa mtoto huyo akiichukua na kuitumia vibaya au kujeruhi mtu. Watoto wetu wanatembeleana sana, na binamu wa miaka saba hajui kwamba droo ya chumbani haifunguliwi.

Kusafiri nako kuna mipaka yake. Virginia wanakitambua kibali cha North Carolina. Maryland, jiji la Washington, New Jersey na New York hawakitambui, na huko ndiko harusi na misiba yetu mingi iliko. Ukipanda barabara ya I-95 kwenda kumzika mtu Baltimore au Jersey City, iache bastola nyumbani. Kwa ndege inakwenda kwenye mzigo wa kukabidhi tu, bila risasi ndani, katika kasha gumu lenye kufuli, na unaitaja kaunta. Nairobi au Dar es Salaam kibali hiki hakina maana yoyote. Kabla ya safari ya nyumbani, geuza kila mkoba na kila mfuko wa koti, risasi moja iliyosahaulika inatosha kukulaza mahabusu.

Ukihama nyumba, mjulishe sherifu ndani ya siku 30. Ofisi hutuma barua ya kukumbusha siku 45 hivi kabla kibali hakijaisha, na barua hiyo inakwenda kwenye anwani waliyo nayo. Kuhuisha ni dola 75, na dirisha la kuhuisha linafunguka siku 90 kabla ya tarehe ya mwisho. Ukiwahi humo, sherifu anaweza kukusamehe kurudi darasani.